Difu 3.55 au 3.73 kwa pikapu ya kuvuta kempa milimani? Wenye uzoefu naomba ushauri

#1 Kijana wa Aurora
Wakuu, salaam. Nipo Aurora, Colorado, pembeni ya Denver. Mimi na mama watoto tumeamua kununua kempa, ile nyumba ya tela yenye vitanda na jiko, wengine mnaita karavani. Ikijazwa kabisa uzito wake wa mwisho ni kilo 3,400. Kwenye gari tutakuwa watano, sisi wawili na watoto watatu.

Nimeziona pikapu mbili za Ford F-150 za 2021, zote 4x4, bei zinakaribiana (difu ni zile gia za mwisho kwenye ekseli, zinazozungusha tairi; tabo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini):

A: injini 3.5 V6 ya tabo, difu 3.55
B: injini 5.0 V8 isiyo na tabo, difu 3.73

Zote otomatiki ya gia 10. Muuzaji anasema chukua 3.73, ndiyo ya kuvutia, 3.55 ni ya mjini. Jirani yangu, mzee wa hapahapa aliyevuta matela maisha yake yote, anasema chini ya 4.10 nisiguse. Njia yangu ni barabara kuu ya I-70 kwenda magharibi, napita handaki la Eisenhower lililoko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, na kuna vipande vya mwinuko wa asilimia 7. Je, tofauti ya 3.55 na 3.73 inatosha kuamua gari la kununua?

#2 Nyundo
Nimeshavuta kiti. Fundi Propela yuko wapi, hii mada yake.

#3 Jogoo254
Mkuu, mimi niko Texas, navuta karavani ya kilo 2,700 na difu 3.31. Barabara ya tambarare, haina shida hata kidogo. Usitishwe na namba. Kinachonisumbua mimi ni upepo. Siku upepo ukija wa mbele, gari inakunywa lita 26 kwa kilomita 100 na hakuna mlima wowote. Ile karavani mbele ni ukuta.

#4 Msafiri Mwema
3.73 ni difu kubwa kuliko 3.55, kwa hiyo itakimbia zaidi lakini mlimani italemewa. Chukua 3.55.

#5 Fundi Propela
Nyundo, nimefika, nilikuwa chini ya Canter.

Msafiri Mwema, umegeuza. Namba ya difu ni meno ya krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, ukigawa kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha. 3.73 ni meno 41 kwa 11. 3.55 ni 39 kwa 11. 4.10 ni 41 kwa 10. Maana yake propela, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 3.73 ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, gari inapata nguvu ya kuvuta na inapoteza mbio. Sisi gereji tunaiita difu nzito. 3.31 ya Jogoo ndiyo nyepesi, ya mbio.

Kwa mzigo wa kilo 3,400 na milima ya namna hiyo, nachukua 3.73 bila kufikiri mara mbili. Na kuna faida watu hawaisemi. Ukiwa na difu nzito, giaboksi na propela hazibebi mzigo mkubwa, kwa sababu kazi ya kuzidisha nguvu inafanyika mwisho kabisa, kwenye ekseli. Kwa nguvu ileile tairini, giaboksi ya gari lenye 3.73 inabeba pungufu ya asilimia 5 hivi ukilinganisha na ya 3.55. Otomatiki inakufa kwa joto, na joto linatokana na mzigo.

#6 Mama Safari
Hapo kwenye "nzito" na "nyepesi" tuelewane, maana mafundi wangu Arusha wanasema kinyume: 4.1 wanaiita difu nyepesi kwa sababu gari linakuwa jepesi kuondoka. Nimewahi kuagiza krauni na pinioni kwa simu nikaletewa seti ya kinyume kwa ajili ya maneno hayohayo. Sasa hivi naagiza kwa idadi ya meno tu.

#7 Fundi Propela
Dada, uko sahihi kabisa, taja meno. Dar nzito, Arusha nyepesi, Mbeya nimesikia wanasema fupi na ndefu.

#8 HesabuKwanza
Ngoja tuweke namba mezani, maana mjadala wa difu bila giaboksi ni kupima suruali bila kujua kiuno.

Tairi za gari hizo, saizi 275/65R18, mzingo wake ni mita 2.56. Ukienda kilomita 90 kwa saa, tairi linazunguka mara 586 kwa dakika. Gia ya saba ya giaboksi hiyo ni moja kwa moja, 1.00, yaani injini ikizunguka mara moja na propela mara moja. Basi:

3.55: mizunguko 2,080 ya injini
3.73: mizunguko 2,186

Tofauti ni mizunguko 106. Hutaisikia hata ukizima redio.

Sasa tazama gia zenyewe: 4.696, 2.985, 2.146, 1.769, 1.520, 1.275, 1.000, 0.854, 0.689, 0.636. Ukishuka kutoka ya saba kwenda ya sita, injini inapanda asilimia 27.5. Tofauti ya difu zako mbili ni asilimia 5. Yaani ni kama moja ya tano ya hatua moja ya gia. Kompyuta ya gari itashusha gia moja na habari ya difu imekwisha.

Na huyu mzee jirani wa 4.10, simdharau, anaongea kutoka enzi zake. F-150 za zamani zenye otomatiki ya gia 4 zilikuwa na 2.84, 1.55, 1.00 na 0.70. Gia ya kwanza mara difu 4.10 unapata 11.6. Gari lako A, 4.696 mara 3.55, unapata 16.7. Hata 3.31 ya Jogoo kwenye giaboksi hii ingekupa 15.5. Kuondoka na mzigo, gari la leo lenye difu ya mbio linaipita gari la zamani lenye difu ya mlima.

Tena za zamani kutoka 1.55 kwenda 1.00 kulikuwa na shimo kubwa. Mlimani gia ya pili injini inapiga kelele, ya tatu inakufa. Ndiyo maana watu walitafuta 4.10, ili gia ya tatu iwe hai. Leo katikati ya hapo kuna 1.520, 1.275 na 1.000.

#9 Kijana wa Aurora
HesabuKwanza ubarikiwe. Kwa hiyo muuzaji ananiuzia namba?

#10 Fundi Propela
HesabuKwanza, hesabu zako nazikubali, ila hazijajibu hoja yangu ya joto. Gia 10 maana yake inabadilisha gia mara nyingi. Ikiwa na difu ya mbio, mlimani itatafuta: saba, sita, saba, tano, sita. Kila inapobadilisha kuna klachi za ndani zinasuguana. Ukiwa na 3.73 inatulia kwenye gia moja. Nimefungua otomatiki zilizoungua, oili nyeusi kama kahawa, na hadithi ya mwenye gari ni ileile: tela na mlima.

#11 HesabuKwanza
Fundi, kutafuta gia kunatokana na mahali mwinuko unapoangukia kati ya gia mbili. Ukibadilisha difu kwa asilimia 5 umesogeza tu hiyo sehemu. Pengine kwenye mlima wa asilimia 6 itatulia, kwenye wa 5 ikaanza kutafuta. Dawa ni kitufe cha kuvutia tela, kinaifanya gari ishikilie gia na isikimbilie za juu. Au unafunga gia za juu kwa mkono.

#12 Mzee wa Kitonga
Wanangu, shikamooni mnitolee nyie vijana, mimi nawapa za barabarani. Nimeendesha maroli Dar–Tunduma miaka 26. Ule mlima wa Kitonga naujua kona kwa kona.

Mlima haupandwi na difu, unapandwa na injini. Difu inakusaidia kuiweka injini pale inapopenda kukaa. Nimeendesha roli mbili za aina moja, injini moja, moja ina meno ya ziada kwenye habu, yaani gia nyingine za kuongeza nguvu palepale kwenye tairi, na nyingine haina. Yenye habu ilipanda Kitonga imetulia, dereva anasikiliza redio. Isiyo na habu nilikuwa nabadilisha gia mpaka bega linauma. Lakini juu tulifika karibu wakati mmoja! Na Morogoro kwenye tambarare ile ya habu ikaachwa, mafuta nayo ikala zaidi.

Kwa hiyo kijana, uliza injini kwanza. Hiyo ya tabo na isiyo na tabo, juu huko mita elfu tatu, ndiyo swali lenyewe.

#13 Nyundo
Marahaba mzee, ila wa kusema shikamoo ni sisi 😂

#14 Mzee wa Kitonga
Simu inaandika yenyewe. Endeleeni.

#15 HesabuKwanza
Mzee kamaliza. Ngoja nimfungie kwa hesabu. Pikapu, watu, vyombo na kempa, tuseme kilo 6,000. Mwinuko wa asilimia 7, mwendo kilomita 80 kwa saa. Kuunyanyua huo mzigo tu, bila upepo wala msuguano wa tairi, unahitaji kilowati 92, kama nguvu za farasi 123. Hiyo haibadiliki uwe na difu ya 3.31 wala 4.10. Mlima unadai farasi, haudai meno.

Injini zote mbili zina farasi 400 zikiwa usawa wa bahari. Lakini A inafikia toki yake kubwa (nguvu ya kusokota), Nm 678, kwenye mizunguko 3,100. B inafikia Nm 556, tena kwenye 4,250. Na kwenye mita 3,400 hewa imepungua zaidi ya robo. Tabo inaisukuma hewa ndani, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa. V8 inavuta iliyopo tu.

B itapanda, msinielewe vibaya. Ila itapanda ikiwa inapiga kelele mizunguko 4,000 na zaidi.

#16 Jogoo254
Kupiga kelele si ugonjwa. V8 ya petroli imeundwa izunguke. Watu wengi wakisikia 4,500 wanatoa mguu wakidhani inapasuka. Tabo nayo ina joto lake, ikivuta mlima mrefu inachoma mafuta kuliko V8. Nilikuwa nayo ya tabo, nikahamia V8, sijutii.

#17 Mama Safari
Niongeze la kwangu, maana mimi nimebadilisha difu kwa pesa yangu na najua linavyouma.

Nina Land Cruiser 79 ya 1HZ, ile dizeli ya 4.2 isiyo na tabo. Inavuta tela la kambi la wageni: mahema, jenereta, maji, friji. Difu zake za kiwandani 4.1, meno 37 kwa 9. Barabara ya lami Arusha kwenda Makuyuni ilikuwa inanichosha, injini inalia kwenye mia. Dereva akanishauri tuweke 3.9 kama za Land Cruiser za V8, meno 43 kwa 11. Nikanunua mtumba za mbele na nyuma.

Lami ikawa tamu kweli. Lakini kupanda ukingo wa Ngorongoro na tela, pale ilipokuwa inakwenda na gia ya tatu, sasa ikawa ya tatu inakufa, ya pili inapiga kelele. Msimu mmoja tu, klachi ikaanza kuteleza. Nikarudisha 4.1. Namba yenyewe ilikuwa asilimia 5 tu, HesabuKwanza, kama hiyo yako. Kwenye makaratasi ni ndogo, ila kwenye ule mlima mimi niliiona kwa macho.

#18 HesabuKwanza
Mama Safari, heshima yako, na kisa chako hakinipingi, kinaniunga mkono. Gari lako lina gia 5 na farasi kama 130. Hatua kati ya pili na tatu ni kubwa na nguvu ya akiba hakuna. Ulikuwa ukingoni, asilimia 5 ikakudondosha. Gari lenye gia 10 na farasi 400 haliko ukingoni.

#19 Fundi Propela
Au kinamuunga mkono Fundi. Mwenye difu ya kutosha hafiki ukingoni 😀

Dada, swali: tairi ulibadilisha pia?

#20 Mama Safari
Ehee. Wakati huohuo tulitoka 7.50R16 tukaweka 285/75R16.

#21 Fundi Propela
Basi hukushuka asilimia 5, ulishuka 8 hivi. Tairi kubwa ni sawa na difu ya mbio. Ile 3.9 yako kwa tairi hizo ilikuwa inafanya kazi kama 3.8. Lawama zote umeipa difu, na tairi lina sehemu yake.

Kijana wa Aurora, hili ni lako pia. Vijana wa huko wanapenda kuvalisha tairi za inchi 35. Ukitoa hizo za inchi 32 ukaweka 35, 3.73 yako inakuwa kama 3.41, na 3.55 inakuwa kama 3.25. Kabla hujalipa, angalia gari imevaa tairi gani.

#22 Kijana wa Aurora
A ina tairi za kiwandani. B ina tairi kubwa, muuzaji kasema ni zawadi. Kesho naenda kupima.

#23 Mtu wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Sisi tunavuta maboti, na tunapanda Jabal Akhdar, ambako polisi pale chini hawakuruhusu kupanda bila 4x4. Swali langu: mtu anajuaje difu aliyonayo? Gari yangu ya mtumba, sina uhakika hata mwenye nayo wa kwanza alibadilisha nini.

#24 Msafiri Mwema
Rahisi. Nyanyua gari, weka alama kwenye tairi na kwenye propela, gia huru, zungusha tairi mara moja, hesabu propela imezunguka mara ngapi.

#25 Fundi Propela
Msafiri, uko karibu sana, ila rekebisha. Kama difu haina loki, yaani kifungo cha kufanya tairi mbili zizunguke pamoja, na umenyanyua tairi moja tu, lile lililo chini limesimama, zungusha tairi la juu mara MBILI. Ukizungusha moja utapata nusu ya namba, useme una difu ya 1.9. Ukinyanyua zote mbili na zikazunguka pamoja upande mmoja, hapo moja inatosha. Zungusha hata mara kumi ugawanye, utapata namba safi.

Kwa F-150 soma stika ya nguzo ya mlango wa dereva, pana neno AXLE na msimbo chini yake. 19 ni 3.55 ya kawaida, L9 ni 3.55 yenye loki. Toyota nayo ina kibati chenye msimbo wa ekseli. Ila stika inakwambia ilivyotoka kiwandani. Kilichomo sasa hivi, hesabu kwa mkono.

#26 Lala Porini
Wakuu, nasoma tangu juu nashangaa. Nimevuta kempa miaka tisa, nipo Minnesota, na HAKUNA aliyeuliza kitu kitakachomkwamisha huyu bwana kwanza. Stika ya pili palepale mlangoni, nyeupe na njano: uzito wa watu na mizigo usizidi kilo kadhaa. Inasema ngapi kwenye A na B?

Kempa inakalia ndoano ya pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa kilo 3,400, chukua 13, ni kilo 442. Hizo zinaingia kwenye uzito wa kubeba, sawa na kupakia saruji nyuma. Ongeza familia, tuseme kilo 270. Ongeza ndoano yenyewe yenye vyuma vya kugawa uzito, kilo 40. Jumla 752. F-150 nyingi zilizopambwa, zenye paa la kioo na viti vya ngozi, hazifiki hapo. Unaweza kuwa na difu ya dhahabu na bado umezidisha.

#27 Nyundo
Uzi umepata mwenyewe.

#28 Jogoo254
Hiyo stika wengi wanaipita kila siku huku Texas na hawajafa.

#29 Lala Porini
Jogoo, mimi niliipita. Mwaka wangu wa kwanza nilizidisha kama kilo 150. Gari lilivuta vizuri sana, mlima halikuusikia. Kisha roli likanipita kwa kasi, mkia wa kempa ukaanza kucheza, pikapu nayo ikafuata, taa za mbele zinamulika miti. Mke wangu alishika mkono wangu na hakusema kitu mpaka tulipofika. Nguvu ya kuvuta nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni uzito wa gari kumtawala anayevutwa. Tafadhali usiwaambie watu hawajafa.

#30 Jogoo254
Nimekuelewa mkuu. Naifuta kauli.

#31 Kijana wa Aurora
Nimerudi kutoka kwa wauzaji wawili. Stika:

A: kilo 776
B: kilo 671. Paa la kioo, viti vya ngozi, kila kitu. Na tairi ni inchi 35 kweli.

Kwa hesabu ya Lala Porini, A inanibakizia kilo 24. B imezidi kabla sijapakia hata birika.

#32 Fundi Propela
Basi hiyo B yenye 3.73 na tairi 35 ni kama 3.41. Ina difu ya mbio kuliko A! Muuzaji alikuuzia namba iliyochongwa kwenye chuma, si iliyopo barabarani.

#33 Mama Safari
Kilo 24 ni jiko la mkaa na maji ya siku moja. Kijana, vitu vizito weka kwenye kempa juu ya ekseli zake, visikae nyuma ya pikapu. Usiweke mwisho wa kempa pia, ndoano itakuwa nyepesi na mkia utacheza kama wa Lala Porini.

#34 Msafiri Mwema
Kwa nini asinunue A halafu abadilishe difu iwe 4.10? Atapata yote.

#35 Fundi Propela
Anaweza, ila ajue: ni 4x4, lazima abadilishe ya mbele na ya nyuma ziwe sawa. Ukibadilisha moja, siku ukiingiza 4x4 kwenye lami ekseli mbili zinapigana na kitu kinavunjika. Kisha inataka fundi anayejua kuweka plei (nafasi ndogo kati ya meno), shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha), na kupaka rangi kuona meno yanagusana katikati. Akikosea kidogo difu inaimba, haiishi. Na meno mapya hayavutishwi tela siku hiyohiyo. Endesha kilomita 800 hivi tupu, mwaga oili, weka mpya.

#36 Kijana wa Aurora
Niliulizia. Gereji moja hapa wametaka dola 2,400 kwa zote mbili. Mama watoto kasema hizo ni safari nne.

#37 Mtu wa Muscat
Nimehesabu yangu: mizunguko 39 kwa 10 za tairi. Ni 3.9. Shukran Fundi.

#38 Kijana wa Aurora
Wakuu, wiki sita baadaye. Nilinunua A, 3.55. Tumetoka safari ya kwanza, Denver hadi ng'ambo ya Silverthorne na kurudi.

Nilipita mizani ya maroli kabla ya kupanda: ekseli za pikapu kilo 2,990, za kempa 2,630, jumla 5,620. Hatukujaza maji.

Kupanda kwenda handakini, kitufe cha tela kimewashwa, kilomita 80 kwa saa, gia ya tano muda mwingi, injini karibu 2,800. Sehemu kali zaidi ilishuka ya nne. Joto la giaboksi lilipanda ila halikugusa mstari wa hatari. Kutafuta gia kulikuwepo, Fundi, sikufichi: sehemu moja ilikuwa tano, sita, tano, sita kama kilomita tatu, mpaka nikaifungia ya tano kwa mkono. Mafuta lita 25 kwa kilomita 100.

#39 Fundi Propela
Hiyo kilomita tatu ndiyo niliyoisema. Ungekuwa na 3.73 ingetulia ya sita.

#40 HesabuKwanza
Au ingetafuta kilomita mbili mbele. Na alibonyeza mara moja ikatulia. Dola 2,400 dhidi ya kidole gumba.

#41 Mzee wa Kitonga
Kupanda nimesikia. Kushuka je? Huko ndiko kuna makaburi. Sisi tulifundishwa gia uliyopandia ndiyo ushukie. Ulipanda na ya tano, ulishuka na ya ngapi?

#42 Kijana wa Aurora
Mzee, nilianza na ya tano kama usemavyo, haikushika kabisa, gari likawa linaongeza mwendo. Nikashusha ya nne, bado. Nikakanyaga breki mpaka 70, nikaweka ya tatu, injini ikapanda 3,500 na hapo ikashika. Breki za kempa za umeme niliziongezea kidogo. Baada ya hapo nilikanyaga mara nne tu mpaka chini.

#43 Mzee wa Kitonga
Umefanya vizuri sana mwanangu. Ile kauli ni ya dizeli kubwa yenye breki ya egzosti. Injini yako ya lita tatu na nusu haina kifua cha kuzuia tani tano. Hapa ndipo hata mimi nampa Fundi nusu pointi: kila gia ungekuwa na 3.73 ingezuia zaidi kidogo.

#44 HesabuKwanza
Asilimia tano, mzee.

#45 Mzee wa Kitonga
Siku breki zikianza kunuka, hiyo tano utaitafuta.

#46 Mwana wa Ohio
Samahani kuingilia. Nina pikapu ya 3.31 na kempa ya kilo 2,500, nataka kwenda Tennessee milimani mwezi ujao. Nibadilishe difu?

#47 Fundi Propela
Giaboksi gia ngapi, tairi saizi gani, na ile stika nyeupe na njano inasema kilo ngapi?